Mwenye Birika Anaulizwa Nini?

Katika Muwatta ya Imam Malik kimo kisa kifupi ambacho wanafunzi wa fiqhi hukutana nacho mapema. Umar bin Khattab alikuwa safarini na kundi la watu, Amr bin al-As akiwa miongoni mwao. Walipofika kwenye birika la maji, Amr alimuuliza mwenyewe kama wanyama wakali huja kunywa hapo. Kabla jibu halijatoka, Umar akaingilia kati na kumtaka mwenye birika asiwape habari yoyote. Watu na wanyama hupokezana maji hayo siku zote, na mambo yaishie hapo.

Anayekisoma mara ya kwanza hushangaa. Khalifa aliyesifika kwa kufuatilia hali za raia wake usiku na mchana anachagua kutojua! Wanazuoni, hata hivyo, wameona rehema ndani yake. Asili ya maji ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Msafiri hana wajibu wa kupeleleza kisima cha watu. Maji, hasa yakiwa mengi, yanabaki tohara mpaka najisi ibadilishe moja ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Mtoto wa chuoni Lamu, Tanga au Unguja huzikariri sifa hizo kabla hajajua kufunga kilemba. Jicho, ulimi na pua ni vipimo ambavyo hata fukara anavyo, na dini iliyokuja kwa ajili ya watu wote haikutaka zaidi.

Shida ni kwamba vipimo hivyo vitatu havioni risasi wala zebaki. Metali ikishayeyuka majini inakuwa iyoni, chembe yenye chaji ya umeme, na kwa kiasi kinachotosha kumdhuru mtu haina rangi, haina harufu, haina ladha. Glasi ya maji hayo ukiiweka kando ya glasi ya maji ya mvua, huwezi kuzitofautisha. Na sasa kipo kipimo cha nne.

Mwaka 2010 kundi la wanakemia wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, chini ya Juewen Liu, lilichapisha maelezo ya jeli inayokamata zebaki. Jeli yenyewe ni ya poliakrilamaidi, laini na angavu, na sehemu yake kubwa ni maji. Ndani yake zimefungwa nyuzi fupi za DNA zenye wingi wa thaimini, mojawapo ya herufi nne zinazoandika urithi wa viumbe. Thaimini ina tabia moja ya ajabu: iyoni ya zebaki ikipita, thaimini mbili huibana katikati, moja huku na moja kule. Uzi uliokuwa umelegea hujikunja. Ikiongezwa rangi maalumu inayoshikamana na DNA, jeli yenye nyuzi zilizolegea hung'aa manjano chini ya mwanga wa urujuanimno. Nyuzi zikijikunja, mng'ao hugeuka kijani. Hakuna mashine ya mamilioni. Taa ndogo ya mkononi na macho yanatosha.

Kiasi wanachokiona kwa macho hayo, katika mililita 50 za maji, ni karibu mikrogramu 2 za zebaki kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha maji ya kunywa nchini Marekani. Kwa hesabu ya mtaani: gramu moja ya zebaki iliyosambazwa sawasawa katika maboza 50 ya maji, kila moja la lita 10,000. Tena jeli haishii kutoa habari tu, kwa sababu inaivuta zebaki kutoka majini na kubaki nayo; ikioshwa kwa asidi huiachia na kuwa tayari kwa kazi nyingine.

Mng'ao wa namna hii si mgeni katika nyumba za Afrika Mashariki, ingawa wachache wameuona. Mwanasayansi George Stokes, alipoueleza mwaka 1852, alitumia myeyusho wa kwinini, dawa ileile chungu ya malaria, ambayo hung'aa buluu ikipigwa na miale isiyoonekana. Tangu hapo wanakemia wamejifunza kuzipa molekuli za kung'aa kazi ya ulinzi: nyingine huwaka metali inapofika, nyingine huzimika. Hizi za kuzimika zina matatizo yake, maana giza linaweza kuletwa na mambo mengi, ikiwemo taa mbovu.

Je, baada ya jeli kama hii kuwepo, ile ruhusa ya kutouliza bado ipo?

Kabla ya kujibu, inafaa kuwatendea haki wanazuoni wa zamani, kwa sababu habari ya metali majini haikuwapita. Matn ya Abu Shujaa, kitabu kidogo cha madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani yetu, kinagawa maji mafungu manne. Fungu la pili ni maji yaliyopashwa moto na jua: ni tohara, yanatoharisha, lakini ni makuruhu. Wafasiri wa kitabu wakaeleza masharti. Iwe ni nchi ya joto, na chombo kiwe cha metali inayofuliwa, kama shaba au chuma, isiyokuwa dhahabu wala fedha. Hofu yao ilikuwa kwamba jua hutoa kitu kama utando kutoka kwenye chombo, na utando huo ukigusa ngozi huweza kuleta mbalanga.

Imam Nawawi, katika karne ya 13, alizipima dalili za kauli hiyo akaona hadithi zake ni dhaifu, na katika baadhi ya vitabu vyake akapendelea kwamba hakuna karaha yoyote. Alikuwa sahihi: sufuria iliyoachwa juani haileti mbalanga. Hata hivyo mpangilio wa fikra zao unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko hitimisho lenyewe. Walikubali kuwa maji yanaweza kutimiza kila sharti la tohara, rangi yake safi na ladha yake safi, na bado yakaepukwa kwa sababu ya kile ambacho metali imekiacha ndani. Walifungua daftari mbili, moja ya ibada na moja ya mwili. Wengi wetu tumezichanganya, tukidhani maji yanayofaa kwa udhu yanafaa kwa uji wa mtoto.

Tofauti kati ya daftari hizo ni kubwa. Aliyetumia maji yenye najisi bila kujua hana dhambi, na akija kujua ana njia ya kurekebisha: ataosha, atarudia. Swala ina kadha. Ubongo wa mtoto uliokua ukipokea risasi kidogo kidogo hauna. Nia njema ya mzazi haipunguzi hata mikrogramu moja. Na fiqhi inajua vitu kubadilika: mvinyo ukigeuka siki wenyewe huwa tohara, na maji machache yenye najisi yakiongezwa yakafika qullatain, yaani karibu lita 200, nayo hutoharika maadamu hayajabadilika. Risasi haina mabadiliko hayo. Ichemshe, ichuje kwa kitambaa, iache usiku kucha. Itabaki risasi, kwa kuwa ni elementi, na elementi haiozi.

Pale pasipo na kipimo, kazi ya kupima huangukia miili. Mjini Minamata, Japani, paka ndio waliotangulia. Katika miaka ya 1950 walionekana wakiyumba, wakizunguka na kufa, kabla ugonjwa wa watu haujatangazwa rasmi Mei 1956. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki ya methili kwenye ghuba, na samaki wakaikusanya. Hajime Hosokawa, daktari wa hospitali ya kampuni hiyohiyo, alimlisha paka aliyepewa namba 400 maji taka ya kiwanda. Mwaka 1959 paka huyo alipatwa na dalili zilezile. Kampuni ikamzuia kuendelea na matokeo hayakutangazwa. Umwagaji uliendelea mpaka 1968. Umar hakutaka kujua jambo ambalo halingemdhuru mtu, ilhali wakubwa wa Minamata walijua, wakanyamaza, na wavuvi wakaendelea kula samaki. Anayetumia kisa cha kwanza kuwatetea wa pili anakidhulumu.

Lakini mzigo mzito zaidi wa swali hili uko Bangladesh, kwa sababu huko hakukuwa na mhalifu wa kumnyooshea kidole. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, UNICEF na mashirika mengine walihimiza visima vya bomba ili watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Ilikuwa kazi ya heri, na watu wakachimba mamilioni ya visima. Maji yaliyotoka yalikuwa baridi, angavu, matamu. Sehemu yake ilikuwa na arseniki iliyotoka kwenye udongo wenyewe (kwa wanakemia arseniki ni nusu metali, lakini kwa ini na ngozi ya mtu jina halina maana). Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala iliyouita msiba huo sumu iliyogusa watu wengi kuliko yoyote katika historia.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 1992. Idara ya jiolojia ya Uingereza ilipima maji ya visima 150 nchini Bangladesh. Ilitafuta orodha ndefu ya elementi. Arseniki haikuwemo katika orodha, ingawa ng'ambo ya mpaka, West Bengal, madaktari walikuwa wameshaona wagonjwa tangu miaka ya 1980. Mkazi mmoja wa Bangladesh aliyeugua alipeleka shauri mahakamani Uingereza: ripoti ile, kwa kunyamaza, iliwafanya watu waamini kuwa maji ni salama. Shauri lilipanda hadi House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, na mwaka 2006 mabwana wale wakalitupa. Walioandika ripoti hawakuwa na mamlaka juu ya maji ya Bangladesh, walisema, na hawakuwa na deni la uangalifu kwa kila anayekunywa huko.

Kisheria, hoja hiyo inasimama. Ukimfunga kila mtafiti kwa kila asichokitafuta, hakuna atakayepima chochote. Kimaadili inabaki na kidonda. Mwanakijiji aliyeona wageni wakija na chupa zao, wakajaza, wakaondoka, na baadaye hakuna kisima kilichofungwa, alikuwa na haki ya kufikiri nini? Kwa yakini yake ya kila siku, kupimwa na kuachwa ni sawa na kuidhinishwa.

Hapa ndipo uzuri wa jeli na hatari yake vinapokutana. Kihisi kinajibu swali lililoulizwa, basi. Jeli ya Waterloo imetengenezwa kwa ajili ya iyoni ya zebaki. Zebaki ya methili, ile ya Minamata, ni kitu kingine. Ipeleke jeli hiyo kwenye kisima cha chini ya Mlima Meru na itang'aa manjano tulivu, ishara kwamba zebaki haimo, huku maji yaleyale yakiwa na floridi inayoyapa meno ya watoto wa Arusha rangi ya kahawia na, ikizidi sana, kupinda mifupa yao. Floridi si metali. Haikuulizwa, haikujibu. Kipimo kimesema kweli na mnywaji amepotoka.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanazaa wasiwasi. Hoja hiyo ina babu wa heshima. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, aliwakemea watu wanaomaliza siku nzima wakishughulikia maji ya udhu huku mioyo yao imejaa kibri na husuda. Yeye mwenyewe, Mshafii, alitamani katika suala la maji madhehebu yake yangekuwa kama ya Malik, ambayo hayaweki kikomo cha qullatain, kwa kuwa kikomo hicho kiliwafungulia watu mlango wa shaka. Mtu anaweza kumwazia Ghazali akimtazama mama wa mjini mwenye boksi la vijiti vya kupimia, akichovya kila ndoo, asilale.

Ila wasiwasi wa Ghazali ulikuwa wa mtu na nafsi yake. Yule mama hakujichimbia bomba la mtaa. Tiba ya wasiwasi wake ni mtu mwingine kupima kabla yake, apime kwa uaminifu, na atangaze. Hilo ndilo jibu la swali la ruhusa: mnywaji bado anayo. Msafiri, mtoto, mgonjwa, mwanamke aliyetembea saa mbili na dumu kichwani, hawa wanaendelea kuhesabu maji kuwa mema mpaka ithibitike vinginevyo. Wajibu wa kuuliza umehamia kwa mwenye birika, kwa sababu sasa anao uwezo wa kujua ambao zamani hakuwa nao.

Wala isidhaniwe kwamba kipimo kizuri kinatosha. Mjini Flint, Michigan, hisi za watu zilifanya kazi yake. Aprili 2014 mji ulihamia maji ya mto bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu, na wakazi wakaenda mikutanoni na chupa za maji ya kahawia. Kahawia ile ilikuwa kutu ya chuma; risasi iliyotoka pamoja nayo haikuonekana. Wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa kuwa yalikuwa yakila vipuri vyake, na vipuri vikasikilizwa mapema kuliko watoto. Taarifa zilikuwepo, za rangi na za harufu. Kilichokosekana ni nia ya kuzipokea.

Kuna jambo jingine ambalo wanakemia hupenda kulipita haraka: mstari uchorwe wapi. Bangladesh visima karibu milioni 5 vilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na takriban milioni 1.4 vikapakwa rangi nyekundu. Vingine vikapakwa kijani. Mpaka ulikuwa mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha taifa, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa 10. Kisima cha 49 kikapata kijani, cha 51 nyekundu, na majirani wawili wakatenganishwa na tofauti ambayo miili yao haikuitambua. Kwenye jeli ya Waterloo, kijani ndiyo zebaki. Rangi ileile inayomwita mtu anywe Bangladesh ingemfukuza Waterloo. Wanafiqhi hawakuona haya kukiri kwamba qullatain ni makadirio, na walijadiliana karne nyingi juu ya ujazo wake. Maafisa wa maji wangefaidika na ukweli kama huo, wakasema wazi: huu ni mstari tuliouchora kwa sababu ya fedha tulizonazo, na chini yake pia kuna madhara.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulifikiria hili sasa. Kuzunguka Geita, wachimbaji wadogo huchanganya mawe yaliyosagwa kwenye karasha na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu ndani ya beseni, kisha huchoma donge ili dhahabu ibaki. Mkataba wa Minamata unaotaka zebaki ipunguzwe ulianza kutumika mwaka 2017, na beseni bado zipo. Tafiti zimekuta arseniki pia katika baadhi ya vyanzo vya maji vya ukanda huo wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, hata pale ambapo hakuna aliyemwaga kitu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha risasi kwenye damu za watoto wa mtaa, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya baada ya mapambano yaliyoongozwa na mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye risasi ilikuwa imemfikia mwanawe mchanga.

Na ukanda huu huu ndio unaochimbiwa visima vya sadaka. Saad bin Ubada alichimba kisima kwa ajili ya mama yake aliyefariki, na tangu hapo kisima kimekuwa mfano mkuu wa sadaka yenye kuendelea. Fedha hutoka Muscat, Dubai, Leicester, Minneapolis; fundi huletwa, bomba hushushwa, video ya maji ya kwanza hutumwa kwa WhatsApp. Makanisa na misikiti hufanya kazi hii kwa moyo uleule. Kwenye zege hubandikwa kibao cha marumaru chenye jina la marehemu, jina la mfadhili na tarehe. Si vigumu kukuta kibao kizuri kuliko kisima chenyewe.

Kwenye kibao hicho hakuna mstari unaosema maji yalipimwa lini, yalipimwa kitu gani, na kitu gani hakikupimwa. Mstari wa tatu ndio mgumu, kwani unamlazimu mfadhili kukiri mipaka ya wema wake mbele ya watu. Ndiyo maana unafaa kuwa wa kwanza kudaiwa. Mafundi husema wafadhili hukwepa kupima, kwa kuogopa kwamba majibu yakiwa mabaya fedha itakuwa imepotea na kijiji kitalalamika. Lakini kisima kinachofungwa kwa sababu ya arseniki kinaweza kuchimbwa upya mahali pengine, au kwenye tabaka lenye kina zaidi, na Bangladesh wengi waliokoka kwa kutembea tu mpaka bomba la jirani lenye rangi ya kijani. Gharama ya kupima ni sehemu ndogo ya gharama ya kuchimba. Iingizwe kwenye sadaka yenyewe tangu fedha inapochangishwa, pamoja na bei ya bomba na saruji, na irudiwe kila baada ya miaka michache, maana maji ya chini ya ardhi hayasimami mahali pamoja na mgodi mpya unaweza kufunguliwa mwakani juu ya kilima.